Dhamana na huduma ya wakala kwa baiskeli za umeme za bei ya juu: je, zinastahili gharama yake?

Mpanda Kilima
Ndugu wanajukwaa, ninalinganisha baiskeli mbili. Ya kwanza ina mota ya Bosch na inauzwa na wakala mwenye karakana. Ya pili ina mota ya Bafang iliyofungwa kwenye gurudumu la nyuma, huagizwa mtandaoni, na bei yake haifiki nusu ya ile ya kwanza. Zote zina dhamana ya miaka 2. Ikiwa miaka ni ileile, naomba nielezwe ninalipia nini hasa.

Fundi Spoki
Unamlipia atakayeitekeleza dhamana hiyo. Mfumo wa Bosch huchunguzwa kwa programu maalumu waliyonayo mawakala walioidhinishwa: fundi huiunganisha baiskeli na kompyuta, husoma msimbo wa hitilafu, na mota yenye kasoro ikiwa bado ndani ya dhamana kwa kawaida hubadilishwa nzima. Ukinunua mtandaoni, kazi hiyo inakuangukia wewe. Utaambiwa upime nyaya, upige video, kisha utumiwe kipuri ukifunge mwenyewe. Mwenye ujuzi wa mikono ataona hilo ni jambo dogo, lakini betri ni suala jingine kabisa. Betri ya lithiamu huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, na tangu Aprili 2016 hairuhusiwi kusafirishwa peke yake kama shehena katika ndege za abiria. Ile yenye kasoro ya kiusalama haipandi ndege yoyote. Kwa hiyo muuzaji wa mbali anayekutaka umrudishie betri mbovu kwa gharama yako, ndipo aikague, amekupa dhamana ambayo huenda usiweze kuitumia.

Bi Mizani
Kuhusu betri naafiki, ila tusiipambe dhamana ya bei ya juu kupita kiasi. Bosch huidhamini betri kwa miaka 2 au mizunguko 500 kamili ya kuchaji, lolote litakalotangulia. Mnyororo, pedi za breki na tairi havimo, na anayechezea mfumo ili kuvuka kikomo cha mwendo hupoteza haki yake.

Msafiri wa Kila Siku
Naongeza kwamba bei kubwa haizuii kampuni kuanguka. VanMoof ya Uholanzi ilitangazwa kufilisika Julai 2023, na kwa kuwa vipuri vyake vingi vilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli zake pekee, wenye baiskeli hizo walihangaika kupata matengenezo hadi kampuni iliponunuliwa. Mota za Bafang zimeenea mno, na fundi wa kawaida wa umeme anaweza kubadilisha kontrola yake, yaani kifaa kinachoongoza umeme unaoingia kwenye mota, bila kumsubiri mtu. Kwangu mimi, hiyo nayo ni aina ya dhamana.

Mpanda Kilima
Nimewaelewa. Baiskeli hii ndiyo itakayonipeleka kazini, na karakana ya wakala iko karibu.

Fundi Spoki
Basi ya wakala inastahili bei yake, kwa sharti moja. Kabla ya kulipa, mwombe akuandikie ni nani atakayegharamia kazi ya fundi wakati wa dhamana, vipuri huchukua muda gani kufika, na kama utaazimwa baiskeli nyingine wakati yako ikisubiri. Akikataa kuandika, nunua ya Bafang, na fedha inayobaki uiweke kwa ajili ya betri ya pili.