Hamisi Ametoka Jandoni, Hataki Tena Kuosha Vyombo

Gumzo la kikundi cha familia, Mtwara, mwezi wa Januari

Mama Sauda (Chikongola), saa 2:05 usiku
Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Shikamooni wakubwa wote. Nimeona nilete jambo hili hapa badala ya kumpigia kaka peke yake, kwa sababu mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa siku mbili tatu, na sasa tumeingia wiki ya tatu. Hamisi hajagusa sahani tangu atoke jandoni mwezi wa Desemba. Kabla ya kwenda alikuwa akiosha vyombo vya jioni kwa zamu na dada yake, bila manung'uniko makubwa. Jana nilipomkumbusha kwamba zamu yake imefika, alinijibu kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi: "Mama, mimi nimeshakuwa mtu mzima, kazi za jikoni ni za Sauda." Ana miaka 11.

Mama Sauda, saa 2:08 usiku
Matokeo yake ni kwamba Sauda, ambaye mwezi huu ameanza kidato cha kwanza, anarudi saa kumi alasiri, anakuna nazi, anapika, anaosha, anafua sare yake na za wadogo zake, na anapofungua daftari ni saa nne usiku na macho yameshamlemea. Twaha naye, wa miaka 7, ameanza kumuiga kaka yake. Baba yao yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi. Naomba shauri lenu, na hasa la kaka Issa, kwa kuwa hawa ni wapwa zake na neno la mjomba wanalisikia kuliko langu.

Mama Mkubwa (Mikindani), saa 2:14 usiku
Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba. Mimi sioni kama Hamisi amekosa sana. Tangu zamani mvulana aliyetoka jandoni hakurudishwa jikoni. Alikata kuni, alijenga uchaga wa kuku, alimfuata mjomba wake shambani, na usiku alilala na wenzake. Mpe kazi za kiume uone kama atakataa.

Mama Sauda, saa 2:16 usiku
Mama Mkubwa, nakubali maneno yako, lakini hapa Chikongola nimpe kazi gani ya kiume? Maji yanatoka bombani uani. Ninapikia gesi, na mkaa naletewa mlangoni. Kuku ninao wanne tu, na wanajitafutia.

Dada Mwanahawa (Lindi), saa 2:21 usiku
Hapo ndipo penye fundo, na ninashangaa kwamba limetuchukua miaka mingi kuliona. Tulipohamia mjini, kazi za mvulana zilibaki kijijini: kuni, maji ya mbali, kulinda shamba dhidi ya nguruwe na ngedere. Kazi za msichana zilipakiwa pamoja na masufuria, zikaja nasi zote. Sahani haikupungua hata moja kwa sababu tumehamia mjini. Kwa hiyo tunaposema "kila mtoto ana kazi zake", tunasema jambo ambalo lilikuwa kweli kwa bibi zetu na ambalo leo lina maana moja tu, kwamba Sauda afanye na Hamisi akae.

Shemeji Rajabu (Masasi), saa 2:26 usiku
Habari za usiku, ndugu. Shikamoo Mama Mkubwa. Ninaongeza nikiwa mwalimu. Kila mwaka darasani huwa nina wasichana wanaosinzia kipindi cha kwanza, na nimejifunza kutowachapa maneno kabla sijawauliza walilala saa ngapi. Wengi hawakuwa wakicheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikumpa mtoto haki peke yake, bali ina kifungu kinachotaja wajibu wake wa kuwasaidia wazazi na kuishi kwa mshikamano na familia, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtoto kwa jinsia yake, na inakataza kumpa kazi inayodhuru afya au masomo yake. Hamisi hana pa kujificha ndani ya sheria hiyo, na sisi pia hatuna.

Mama Mkubwa, saa 2:29 usiku
Mwalimu, sheria ibaki huko Dodoma. Hapa tunazungumzia vyombo.

Shemeji Rajabu, saa 2:30 usiku
Nimepokea, Mama.

Dada Mwanahawa, saa 2:33 usiku
Mama Sauda, mdogo wangu, niruhusu nikuulize swali ambalo halitakupendeza. Kabla ya jando, Hamisi alipokuwa akiosha vyombo, nani alikuwa akivirudia?

Mama Sauda, saa 2:35 usiku
Ni mimi, dada. Usingeweza kuviacha. Sufuria ilikuwa na mafuta nje na ndani, na vijiko vilikuwa na ukoko wa juzi.

Dada Mwanahawa, saa 2:44 usiku
Nilijua. Nimelea wanne hapa Lindi, na kwa wawili wa kwanza nilifanya kosa hilohilo. Mtoto anafagia uwanja, nawe unatoka na fagio lako la chelewa unapita palepale alipopita. Hukusema neno, lakini umekwisha kumweleza kwamba alichofanya hakikuwa kazi, kilikuwa mchezo wa kumshughulisha wakati wenye nyumba wakiendelea na mambo yao. Akifika umri wa kukataa, anakataa kwa sababu hajawahi kuona kitu kinachoharibika asipokuwepo. Wa tatu nilimwachia. Karibu mwezi mzima tulikunywa chai katika vikombe vyenye harufu ya samaki, na mgeni akija nilimtolea vile vya kabatini, nikajifanya kwamba vya kila siku havipo. Nilimwonyesha mara tatu namna ya kusugua kwa majivu na namna ya kuanza na vilivyo safi ili maji yasichafuke mapema, kisha nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikonitesa kuliko harufu yenyewe. Siku moja akajimiminia uji wake mwenyewe katika kikombe chenye shombo. Aliinuka, akakiosha upya, na hakuna aliyemwambia.

Baba Mdogo (Shangani), saa 2:49 usiku
Poleni na majukumu. Mimi naona mnazunguka njia ndefu. Mpeni shilingi 500 kila anapoosha. Atagombea zamu.

Dada Mwanahawa, saa 2:52 usiku
Nimelijaribu hilo pia, baba mdogo. Wiki ya kwanza nyumba iling'aa. Wiki ya tatu nilimwomba mwanangu aniletee birika kutoka jikoni, akaniuliza ni kiasi gani. Kumlipa mtoto kwa kazi ya ziada, kama kumsaidia jirani kubeba magunia, sina neno. Lakini sahani aliyolia chakula yeye mwenyewe haiwezi kuwa na bei.

Kaka Issa (Newala), saa 3:20 usiku
Assalaamu alaykum. Nimechelewa kusoma kwa sababu tulikuwa tukimalizia kupanga magunia ya korosho zilizobaki ili kesho ziende ghalani. Nimesoma yote, na mama yupo hapa pembeni yangu, nimemsomea kwa sauti.

Kuhusu jando. Yaliyosemwa huko hayasemwi hapa, na Mama Mkubwa analijua hilo. Ila naweza kusema jambo moja bila kuvunja mwiko. Nami nilipita, na kaka zangu walipita, na katika siku zote za kukaa porini hapakuwa na mama wala dada wa kutuoshea sinia. Tulikula humo wenyewe, tukaliosha wenyewe, na aliyeacha punje ya ubwabwa aliitwa na kungwi akairudie. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu mzima ni yule anayeoshewa. Kama Hamisi amerudi na fundisho hilo, basi amelipata njiani, kwa vijana wenzake, wala si kwa wakubwa waliomfunda.

Kaka Issa, saa 3:27 usiku
Mama anasema niandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Huku juu Newala maji hayakuwepo. Tuliteremka bondeni alfajiri na tukapanda na mtungi jua likiwa limechoma. Nilikuwa na kaka wawili, na baba alitutuma sote watatu, kwa sababu kiu haiulizi nani mwanamume. Sasa maji yamefika mlangoni, mnaniambia kijana hawezi kuyagusa kwa sababu yamo ndani ya beseni la vyombo."

Mama Mkubwa, saa 3:31 usiku
Dada yangu amenishinda. Sina la kusema juu ya beseni.

Kaka Issa, saa 3:36 usiku
Mimi nilikuwa na wazo lingine, kwamba msimu ujao Hamisi apande huku kwangu azoee shamba. Kuanzia mwezi wa Oktoba korosho zinaanguka kila siku, na mikono haitoshi.

Shemeji Rajabu, saa 3:42 usiku
Wazo zuri, kaka, ila tulipime. Siku za Jumamosi aje aokote korosho, anyofoe mabibo, aanike, ajifunze kutenga daraja la kwanza na la pili. Hiyo ni elimu kamili na hakuna anayedhurika. Lakini Oktoba na Novemba shule ziko wazi, na ninaijua vizuri rejesta ya mahudhurio ilivyo katika miezi hiyo. Tena kuna kazi ambazo mtoto asiziguse hata akiwa likizo. Kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ni mojawapo, maana vumbi lake linawasha macho na kubana kifua hata cha mtu mzima asiyejifunika. Nyingine ni kukaanga korosho zikiwa na maganda, kwa kuwa mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake ni mkali.

Kaka Issa, saa 3:45 usiku
Nakubali. Salfa napuliza kati ya Juni na Agosti dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na siku hizo hata wanangu nawazuia wasisogee. Aje Jumamosi tu, na arudi Jumapili mchana ili awahi kufanya kazi za shule.

Mama Sauda, saa 3:50 usiku
Ahsanteni sana. Lakini kaka, shamba ni la Oktoba. Vyombo ni vya kesho.

Kaka Issa, saa 3:58 usiku
Kesho kutwa ni Jumamosi, nateremka Mtwara kwa shughuli zangu, nitafikia kwako na kilo chache za ming'oko, ile mizizi ya porini. Nitakaa na Hamisi peke yetu, nitamweleza niliyoyaandika hapa na mengine ambayo sikuyaandika. Sitamrudisha kwenye zamu ya vyombo moja kwa moja, kwa sababu amekwisha kusema neno na sitaki alimeze mbele ya dada yake. Nitampa chakula cha Jumamosi kiwe chake, kuanzia kununua samaki feri mpaka kuosha sufuria. Twaha awe msaidizi wake. Sauda siku hiyo asiingie jikoni hata akisikia sufuria inalia. Nawe, dada yangu, usirudie chochote.

Mama Sauda, saa 4:01 usiku
Kukaa mbali na jiko langu ndiko kutakakoniwia vigumu kuliko yote, lakini nitajikaza.

*Jumamosi*

Mama Sauda, saa 6:40 mchana
Wameanza. Nimekaa barazani na mama Zuhura wa jirani. Hamisi amekuna nazi mbili na machicha yametapakaa mpaka mlangoni. Ameniita mara moja kuuliza tui la kwanza linawekwa lini. Kaka akamwambia amuulize Sauda, kwa kuwa fundi wa nyumba hii ni Sauda. Sauda amemjibu kutoka dirishani, kwa kirefu sana, na kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu shule zifunguliwe.

Dada Mwanahawa, saa 6:44 mchana
Usinyanyuke hapo barazani.

Mama Sauda, saa 8:15 mchana
Tumekula. Samaki wameiva vizuri, chumvi imezidi kidogo. Ubwabwa umeungua chini, juu una punje ngumu, na Twaha amesema huu ndio ubwabwa bora aliowahi kula, kwa sababu yeye ndiye aliyechambua mchele. Nimekuta mchanga mara mbili, nikameza.

Kaka Issa, saa 8:20 mchana
Mimi mara tatu.

Mama Mkubwa, saa 8:32 mchana
Alhamdulillahi. Na sufuria iliyoungua, nani anaisugua?

Mama Sauda, saa 8:50 mchana
Anaisugua yeye, uani, kwa majivu. Amewakuta watoto wawili wa jirani, wenzake wa jandoni, wamesimama kwenye uzio wakimtazama. Nilidhani ataiacha. Amewaambia wasogee, wanamzibia mwanga.