Milima sita kwa siku moja, mwenzetu kaachwa mtaroni, halafu mnasema hajui kuendesha

Wakuu, nimekaa na hili jambo la msafara wetu wa pikipiki wiki nzima nikidhani hasira itashuka. Haijashuka, kwa hiyo naliandika.

Ratiba tuliyopewa ilikuwa hivi: tunaondoka saa 12 asubuhi, tunavuka milima sita, km 410, saa 12 jioni tumefika tunakolala. Tuliondoka saa 2 na nusu kwa sababu kiongozi wa msafara mwenyewe alichelewa. Saa mbili na nusu zimepotea kabla pikipiki hazijawashwa, na hakuna hata mlima mmoja uliopunguzwa. Nilimfuata tukiwa bado tumesimama nikamwambia, "Kaka, huo wa sita tuuache." Akanijibu kwamba muda tutaufidia barabarani.

Mlimani muda unafidiwaje? Kwenye tambarare unaongeza mwendo kidogo, mwisho wa siku umerudisha nusu saa. Lakini kona kali ile inayokurudisha ulikotoka, unaipita kwa mwendo wa mtu anayekimbia kwa miguu, uwe na haraka au usiwe nayo. Ukilazimisha, unatoka upande wa pili wa barabara na gari linakuja. Wanaopenda milima ya Alps wanaujua mzunguko wa njia tatu za milimani, Susten, Grimsel na Furka, kule Uswisi. Ni km 120 hivi, lakini mara tatu unapanda zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari na mara tatu unashuka, na watu wazima na akili zao huutengea siku nzima. Njia ya mlimani ya Stelvio kule Italia, upande mmoja tu una kona 48 za namna hiyo. Sasa mtu anashika ramani ya milima, anahesabu kilomita kama yuko barabara kuu, halafu anaita hiyo ratiba!

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye pikipiki ya cc 150 ya kabureta, kampakia mkewe na mizigo. Alisema wazi tangu siku ya kujiandikisha, na waandaaji wakapokea pesa yake. Kuanzia mlima wa pili wakaanza kumpigia honi: mbona unajivuta? Anajivuta kwa sababu juu kule hewa ni nyepesi, jamani. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta nayo, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijui kwamba hewa imepungua, inaendelea kumwaga petroli ileile, injini inakohoa na kutoa moshi mweusi. Wenye pikipiki kubwa zenye sindano za petroli hamkuyahisi hayo, ndiyo maana mliona mwenzenu mvivu.

Na baridi. Bondeni tuliondoka na nyuzi 24, watu wamevaa vikoti vyepesi. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, hapo upepo wa mwendo hujauhesabu. Hakuna aliyetuambia tubebe glovu nzito wala koti la mvua. Kwenye mlima wa nne mvua ilitukuta juu, na mimi vidole vilikufa ganzi kiasi kwamba nilikuwa naangalia kwa macho kama nimeshika klachi au la. Nilisimama niipashe mikono joto kwenye injini. Kiongozi hakusimama. Wale wa mbele hawakusimama. Yule bwana na mkewe ndio waliosimama pamoja nami, mama akanipa soksi zake nivae mikononi.

Hao ndio walioanguka.

Mlima wa sita tuliuvuka jua limeshazama. Tumeendesha zaidi ya saa kumi, chakula tumekula kwa kusimama. Kushuka kulikuwa kurefu, lami imelowa, na pale ambapo maji hutiririka kutoka ukingoni kulikuwa na changarawe katikati ya kona. Yule bwana alikuwa amebana breki muda wote, kwa sababu kila akiachia anaona taa za wa mbele zinapotea. Kubana breki mteremko mzima ndiko kunakoziua. Unapaswa kushuka na gia ndogo, injini ikushikilie, breki uikamate kwa nguvu kabla ya kona kisha uiachie ipoe. Na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani: aina iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishaingia maji inaweza kuchemka kwenye 155. Ikichemka, kinachobaki kwenye mpira wa breki ni mvuke, na mvuke unabonyea. Aliniambia baadaye kwamba mkono wa breki uligusa mpini na pikipiki haikupungua hata kidogo. Alichofanya ni kuilaza upande wa mlima, kwenye mtaro, badala ya kwenda upande wa korongo. Mtu anayefanya uamuzi huo ndani ya sekunde moja, gizani, amempakia mkewe, mnasema hajui kuendesha?

Mfupa wa bega umevunjika. Mama kachubuka mguu wote. Mimi nilikuwa nyuma yao kwa kona mbili, nikawakuta. Simu haina mtandao. Nyuma yangu hakuna mtu, kwa sababu hakuna aliyepangwa kuwa wa mwisho. Mbele hakuna mtu, kwa sababu hakuna aliyesubiri njia panda. Tulikaa pale dakika 50 hadi gari la mizigo likapita. Tulipofika, kiongozi alikuwa ameshaoga, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mlipotelea wapi?"

Hilo neno ndilo linaloniamsha usiku.

Kumpanga mtu wa mwisho si gharama. Ni pikipiki moja, mtu mzoefu, anajua hampiti yeyote. Kwenye kila njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama, anabaki pale mpaka wa mwisho atokee, ndipo anaendelea. Hivyo tu, na msafara hauwezi kumwacha mtu mtaroni akajulikana saa moja baadaye. Tuliomba hilo asubuhi, na si mimi peke yangu niliyeomba. Tuliambiwa sisi si watoto wa shule.

Sasa naona safari ijayo imeshatangazwa. Milima saba. Kiongozi yuleyule, na picha ya kuitangaza ni ile tuliyopiga juu ya mlima wa tatu, yule bwana na mkewe wako pembeni wanatabasamu. Hiyo picha iondolewe leo. Gharama za hospitali mlizosema mtazizungumza, zizungumzwe naye, si kwenye kikundi. Na kiongozi aende nyumbani kwa yule bwana, akae mbele ya yule mama, aombe radhi kwa mdomo wake.

Mliokuwepo siku ile mnajijua. Mliniambia pembeni kwamba nina haki. Njooni mseme hapa.