Fraterniti za Walatino: zifutwe pamoja na nyingine, au ziachwe?

MZIGUA WA IOWA (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hii mada tumebishana na mwenzangu wa nyumba wiki nzima, mpaka sasa tunapika kwa zamu bila kusemeshana. Nimeona niilete hapa mnisaidie, au mnimalize kabisa.

Kila mwanafunzi akifia kwenye sherehe za kumpokea kwenye fraterniti hapa Marekani, kelele zinaanza upya: vyama hivi vifutwe. Kwa mlio nyumbani, fraterniti ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume chuoni. Jina lake ni herufi za Kigiriki, kuingia ni kwa kualikwa na kupimwa, na ukishaingia ni ndugu mpaka kaburini. Za wanawake ni sororiti. Mwaka 2020 wanafunzi wenyewe, wengine wakiwa wanachama, walianzisha kampeni ya kuvifuta, na chuo cha Vanderbilt ndiko moto ulikowaka zaidi. Mwenzangu yuko upande huo wa kufuta. Anasema sheria ni msumeno, ukate zote, za Wazungu, za Weusi, za Walatino. Mimi kwenye hizo za mwisho ndipo ninapomkatalia.

Hebu kwanza tujue tunawazungumzia nani. Walatino ni watu wa hapa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kongwe ya Walatino iliyo hai mpaka leo ni Phi Iota Alpha, 1931, chuo cha Rensselaer, mjini Troy, New York. Kwa sehemu kubwa hao walikuwa vijana waliotumwa kutoka Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi kuja kusomea uhandisi, watu wenye nauli ya meli. Zilizokuja baadaye ni habari nyingine kabisa. Desemba 1975 katika chuo cha Kean, New Jersey, ikazaliwa Lambda Theta Phi, na dada zao Lambda Theta Alpha hapo hapo mwaka huo huo. Mwaka 1982 Lambda Upsilon Lambda pale chuo cha Cornell. Mwaka 1986 Sigma Lambda Beta hapa hapa Iowa, katikati ya mahindi. Mwaka uliofuata Omega Delta Phi kule Texas Tech. Wengi wa waliojiunga tangu hapo ni watoto wa wafanyakazi, wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo kikuu. Zile nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe mnazoziona kwenye sinema, nyingi za hizi hazina. Mikutano yao wanafanyia kwenye chumba cha maktaba walichokiombea nafasi, au sebuleni kwa mtu, viatu vimerundikana mlangoni.

Sasa niwape niliyoyaona. Februari 2024 nilichukuliwa kwenda West Liberty, mji wa kwanza Iowa ambao Walatino walizidi nusu ya wakazi. Watu wa pale wanajulikana kwa kiwanda cha nyama ya bata mzinga. Vijana sita wa fraterniti, na majaketi yao yenye herufi mgongoni, walikuwa wamepanga meza kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, wanasaidia wazazi kujaza fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa ada, inaitwa FAFSA. Mimi niliombwa kwa sababu kulikuwa na familia za Wakongo, na Kiswahili hakikuwa na mtu.

Mwaka ule fomu ilikuwa mpya na mbovu. Ilichelewa kutoka mpaka mwisho wa Desemba, na mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii, ile ya utambulisho ya Marekani, alikuwa akifika ukurasa fulani anakwama. Nilimwona mama mmoja ametoa bahasha ya kaki yenye hati zake za mshahara za mwaka mzima, amezibana kwa kibanio cha nywele. Kijana akajaribu mara tatu. Mara tatu ukurasa uleule. Hakumwambia arudi siku nyingine. Alichukua kadi, akaandika jina la binti, namba ya simu, na saa ambazo mama hayuko zamu. Kadi ziliishia kuwa kama kumi na tano. Machi, serikali iliporekebisha, kijana yule akapiga simu moja moja.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mwenzangu ulipo. Chuo kinawataka hawa wawasilishe saa za kujitolea kila muhula: tarehe, mahali, idadi ya saa, sahihi ya msimamizi. Jumamosi ya kanisani iliandikwa saa nne. Siku waliyopanga viazi kwenye ghala la chakula cha msaada na kupiga picha, saa nne vilevile. Zile simu za Machi hazikuandikwa popote. Mwenzangu anasoma karatasi ya saa, anasema "ona, huduma yenyewe kiduchu, ni ya kujisafisha jina". Mimi nasema karatasi ndiyo haioni.

Msimamo wangu: zisifutwe. Tena chuo kiache kabisa kuhesabu saa. Karibuni.

HESABU KWANZA

Mkuu umeandika vizuri lakini umetupiga changa la macho. Saa zisipohesabiwa tutajuaje? Kila chama kitasema "sisi tunapiga simu Machi". Kipimo kibovu kirekebishwe, lakini kuishi bila kipimo sikubali. Halafu kuna jambo hukuligusa: ada. Hivi vyama vina ada ya kuingia na ada ya kila muhula, ukijumlisha ni mamia ya dola. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani analipa ili aruhusiwe kwenda kubeba viazi. Si akabebe tu bure? Ghala haliulizi herufi za Kigiriki.

MAMA BUKAVU

Mimi nitasema kidogo, Kiswahili yangu ni ya Bukavu, musinicheke. Wakati ya Mobutu kulikuwa salongo. Unabeba jembe, unaenda kulima barabara, usipoenda wakubwa wa parti wanakutafuta. Iliitwa kazi ya kujitolea! Tulikuwa tunacheka chini chini. Majirani yetu Wanyarwanda wako na umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ile angalau barabara zinaonekana. Kwa hiyo nikisikia kujitolea kwa karatasi na sahihi, tumbo linanikaza.

Lakini kijana Mlatino mwenye alinisaidia fomu ya binti yangu, hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kispanyola. Tuliongea na Kifaransa kidogo na vidole. Hakuniomba sahihi. Binti yangu sasa iko mwaka wa pili.

MZEE WA NGAMIANI

Mnazungumza kana kwamba haya ni mageni. Babu yangu alikuwa mwanachama wa Arinoti hapa Tanga, zama za vyama vya ngoma ya beni, ile ya tarumbeta. Sare, kofia, vyeo vya kijeshi, nyimbo za kuwasimanga wapinzani wao Marini, na karamu za mashindano watu wanachinja mpaka wanabaki na deni. Mwingereza hakuwaelewa, akadhani wanapanga uasi. Lakini mwanachama akifa, chama ndicho kilichonunua sanda. Hakuna aliyeandika saa. Uliangaliwa tu: ulikuwepo kwenye mazishi ya fulani, hukuwepo?

MZIGUA WA IOWA

Mzee, umenikumbusha kitu. Wanachama wapya wakitoka hadharani mara ya kwanza wanapanga mstari mmoja, wamefunika nyuso, bega kwa bega, wanakariri historia ya chama kwa sauti mpaka mishipa ya shingo inatoka, halafu wanacheza kwa kukanyaga na kupiga mapaja. Ule mkanyago wamerithi kwa fraterniti za Weusi, ambazo mkongwe wao ni Alpha Phi Alpha wa Cornell, 1906. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilitafuta tarumbeta iko wapi.

Hesabu Kwanza, hoja ya ada nimeipokea, inauma na sina jibu zuri. Ila "si akabebe tu bure" ni jibu la mtu ambaye hajawahi kuwa peke yake darasani. Mtoto huyu anakaa kwenye ukumbi wa watu mia mbili, hakuna anayejua kulitamka jina lake. Na siku hizi hata pale pa kukimbilia panafungwa. Texas tangu Januari 2024 sheria imezuia vyuo vya serikali kuwa na ofisi za kushughulikia wanafunzi wa makabila na asili mbalimbali. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kikafunga kituo ambacho vikundi vya Walatino vilikuwa vinakutania. Sheria hiyo haikugusa vyama vya wanafunzi wenyewe. Kwa hiyo ofisi imeondoka, chama kimebaki. Ukikifuta na chenyewe, umembakishia nini?

NJUKA MSTAAFU

Wote mnazunguka mbuyu. Mada inahusu kufuta, na kinachofanya watu watake kufuta si viazi wala saa. Ni mateso. Sisi tuliosoma bweni tunajua njuka, yule mwanafunzi mgeni, alivyokuwa anafanywa, kudeki bweni usiku, kupigia simu kwenye kiatu, kuimba juu ya kitanda. Tulisema ni utani. Waliotoka na majeraha hawakusema ni utani.

Mwaka 2017 pale chuo cha Penn State mwanafunzi alinyweshwa pombe usiku wa kupokelewa, akaanguka kwenye ngazi, na wenzake wakakaa naye kwa muda wa karibu saa kumi na mbili kabla ya kuita msaada. Akafa. Haikuwa fraterniti ya Walatino, najua, usinirukie. Lakini Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze hadharani matukio ya mateso ya aina hii na vyama vilivyohusika, na haikubagua herufi. Mleta mada, maelezo yako yote mazuri. Umeingia ukumbini kanisani mchana. Usiku wao umewahi kuuona?

MZIGUA WA IOWA

Sijauona.

HESABU KWANZA

Angalau mkweli.

KIJANA WA KISAUNI

Mimi nimeuona. Nimesoma uzi huu tangu jana nikisema sichangii, manake tulikula kiapo. Sitataja chama, chuo wala jimbo, msinibembeleze.

Mimi si Mlatino, ni mtu wa Mombasa. Hivi vyama vingi vinapokea yeyote, na mwaka wangu wa kwanza hao ndio peke yao walionialika kula. Wali, maharage meusi na ndizi za kukaanga. Nilikula kama niko kwetu.

Halafu zikaja zile wiki. Si pombe. Hatukunyweshwa hata tone, na wanajivunia hilo. Ni usingizi. Unaitwa saa sita usiku kwenye gereji ya mtu, mnasimama kwa mstari mkikariri waanzilishi, tarehe, alfabeti ya Kigiriki huku njiti ya kiberiti inawaka vidoleni. Mmoja akikosea wote mnapiga pushapu. Mnaachiliwa saa kumi alfajiri. Shule ya bweni nilikuwa mono, njuka wenu, kule Kilifi, nikadhani nimeshahitimu mambo hayo.

Jumamosi moja tulitoka gereji moja kwa moja kwenda kuhudumia wazee chakula. Nimesimama mbele ya sufuria la maharage nimeshika upawa, nikalala. Nimelala wima. Bibi mmoja Mpuerto Rico akanigusa mkono kwa uma wake wa plastiki, akaniambia kitu kwa Kispanyola, nikashtuka nikamwagia sahani mpaka ikafurika. Alicheka sana. Siku hiyo kwenye karatasi niliandikiwa saa nne, na usiku ule wa gereji, kama simu za Mzigua, haukuandikwa popote. Kwa hiyo mleta mada uko sahihi kwamba karatasi haioni. Haioni pande zote mbili.

Sasa msikimbilie kusema zifutwe. Baba alipofariki mwaka wa tatu, ndugu wawili wa ile gereji, mmoja ndiye aliyekuwa ananipigia kelele puani, waliendesha gari kwa muda wa saa saba kunipeleka kwa mama. Mmoja aliosha vyombo vya matanga siku tatu. Hajui hata neno moja la Kiswahili, shangazi zangu walimwita "yule wa sufuria". Hakuandika saa.

Mimi swali la kufuta au kuacha silijibu. Najua tu kwamba nilipovuka, yaani nilipokuwa mwanachama kamili, mwaka uliofuata ilikuwa zamu yangu kusimamia mstari, na nilikataa. Waliniambia sawa. Hawakunifukuza. Ila mikutano ya usiku sikuitwa tena.

NJUKA MSTAAFU

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Na uliposema ulikataa, kuna mwingine aliyekataa?

KIJANA WA KISAUNI

Mmoja. Tulikuwa kumi na moja.

MAMA BUKAVU

Mwanangu, uko na mdogo? Akikuuliza aingie, utamwambia nini?

KIJANA WA KISAUNI

Shikamoo mama. Ninaye, anaanza Agosti, na ameshauliza. Nimemwambia akae mwaka mzima kwanza, ale wali wao, aende nao kanisani na ghalani, asisaini kitu. Akiitwa popote baada ya saa nne usiku anipigie mimi kabla hajavaa viatu.

Jaketi langu alilitaka. Nimemwambia akamwombe mama, yeye ndiye analivaa sasa, akitoka kuondoa theluji mlangoni.