Springi za kilo ngapi kwa Mazda MX-5 ya barabarani na ya siku za uwanjani?

MpwaniWaMidlands aliuliza:

Assalaam aleykum, ndugu zangu. Ninaishi Uingereza, na nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya injini ya 1.6, ambayo ninakwenda nayo kazini kila siku na ndiyo hiyo hiyo ninayoiingiza kwenye viwanja vya mbio za magari mara 5 au 6 kwa mwaka, zaidi Brands Hatch na Snetterton. Mwaka jana gereji moja iliniuzia springi fupi zilizoshusha gari kwa milimita 40, nikaambiwa ni ngumu kidogo kuliko za kiwandani, zikafungwa kwenye shokomzoba zile zile za zamani. Tangu hapo gari linaniumiza mgongo barabarani, na uwanjani, ninapomaliza mteremko wa kona ya Paddock Hill pale Brands Hatch, linachomoka mkia ghafla kana kwamba limepigwa teke.

Nimeamua kununua seti kamili ya shokomzoba zinazorekebishika, na muuzaji amenipa nafasi ya kuchagua springi: kilo 6 kwa milimita mbele (yaani kila kilo 6 zinaibonyeza milimita 1) na 5 nyuma, au 8 na 6, au 10 na 8. Yeye anapendekeza 10 na 8, kwa hoja kwamba gari la uwanjani lazima liwe gumu. Tairi zangu ni za barabarani, zenye kushika vizuri, si za mbio. Naomba mwongozo wa mtu anayeweza kunionyesha hesabu yake.

FundiMchundo alijibu:

Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye springi siyo ugumu unaofika kwenye tairi. MX-5 ina mkono wa juu na wa chini kwa kila tairi, na shokomzoba imefungwa kwenye mkono wa chini ikiwa imesogea ndani, si mwishoni kabisa karibu na tairi. Kwa hiyo tairi linapopanda milimita 50, springi inabonyea pungufu ya hapo. Nilipopima kwa rula kwenye gari nililolitoa springi, shokomzoba ya mbele ilijifupisha takriban milimita 34 na ya nyuma 38, yaani uwiano wa 0.68 na 0.76. Uwiano huo unazidishwa mara mbili: mara moja kwa sababu springi inabonyea kidogo, na mara ya pili kwa sababu nguvu yake inafika kwenye tairi ikiwa imepunguzwa na mkono ule ule. Ukifanya hivyo, springi ya kilo 6 mbele inakuwa kilo 2.8 tu kwenye tairi, na ya kilo 5 nyuma inakuwa 2.9. Tazama hapo: springi yenye namba ndogo ndiyo iliyo ngumu zaidi pale inapofanya kazi.

Hatua ya pili ni uzito. Gari lako likiwa na dereva lina takriban kilo 1,060, na kwa kuwa MX-5 imegawanya uzito karibu sawa kwa sawa, kila tairi linabeba kama kilo 265. Ondoa kilo 30 hivi za tairi, rimu na breki, ambazo hazikai juu ya springi, ubaki na 235. Kutokana na uzito huo na ugumu ule wa kwenye tairi unapata bodi itapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Springi za 6 na 5 zinatoa takriban mara 1.7 mbele na 1.75 nyuma, za 8 na 6 zinatoa 2.0 na 1.9, za 10 na 8 zinatoa 2.2 pande zote mbili. Gari la kawaida la familia huwa kati ya 1 na 1.5. Kwa gari la kazini na uwanjani lenye tairi za barabarani, mimi sipendi kuvuka 2.

Tofauti ile ndogo kati ya mbele na nyuma ina maana yake. Maurice Olley, mhandisi aliyefanya utafiti wa jambo hili General Motors miaka ya 1930, alieleza kwamba tairi za mbele hukutana na tuta kwanza, na za nyuma hufuata baadaye. Nyuma ikitikisika kwa kasi zaidi kidogo, inaikuta mbele njiani na bodi inatulia, badala ya kuinamisha pua na mkia kwa zamu. Kwa seti tatu ulizopewa, ni ya 6 na 5 peke yake inayotimiza sharti hilo.

ChumaMoto alijibu:

Kwa heshima zote kwa fundi, mimi natumia 10 na 8 na siwezi kurudi nyuma, ila naomba nieleze mazingira yangu kikamilifu. Tairi zangu ni za mbio, zinazovuta kiasi kwamba springi laini zingeliacha gari liegame mno kwenye kona, na gari nalipeleka uwanjani juu ya trela. Siku moja tu nililiendesha lenyewe kurudi nyumbani, mvua ikinyesha, kwenye barabara ya mashambani iliyojaa viraka. Kila nilipogusa breki kwenye mawimbi ya lami tairi za mbele ziliruka badala ya kuikanyaga barabara, na nilifika mikono ikitetemeka. Ndugu Mpwani, ukiendelea na tairi za barabarani, usinifuate mimi.

BintiWaGereji alijibu:

Kaka, mimi nina wasiwasi na jambo ambalo bado halijaguswa, nalo ni nafasi ya kubonyea. Lile teke la Paddock Hill halielekei kuwa la springi laini; linaelekea kuwa la shokomzoba kufika mwisho na kukaa juu ya ule mpira wa kuzuia, ambapo ugumu unaongezeka mara nyingi kwa ghafla, na ikitokea nyuma katikati ya kona, mkia lazima uondoke. Chukua hesabu ya fundi: kwenye tairi una kilo 2.8 kwa milimita. Ukiwa umebakiwa na milimita 40 tu za kupanda, springi inaweza kupokea kilo 112 za ziada, ambazo hazifiki hata nusu ya uzito inaoubeba gari likiwa limesimama. Ukiacha milimita 65, inapokea 182. Ndiyo maana anayetaka springi laini hana budi kukubali gari lililoinuka kidogo.

Kabla hujatoa hela, fanya kipimo hiki cha bure. Funga ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya kwenye fimbo ya kila shokomzoba, usukume mpaka uguse bodi ya shokomzoba, kisha endesha kama kawaida. Utakapouona baadaye umesukumwa mpaka juu kwenye mpira, utajua tatizo lako liko wapi.

Pia usidanganywe kwamba kukaza ile ringi ya chini ya springi kunaifanya springi iwe ngumu zaidi. Springi ya mstari mmoja, yaani ile isiyobadilika ugumu inapobonyea, ina ugumu ule ule hata ukiibana. Unachobadilisha ni kimo cha gari.

FundiMchundo alijibu:

Binti amesema kweli tupu. Mimi naongeza mawili. Gari likiegama sana kwa springi za 6 na 5, ongeza unene wa stabilaiza ya mbele kwanza, ile fimbo inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto, kwa sababu hiyo inazuia kuegama kwenye kona bila kuufanya mgongo wako ulipe kwenye matuta yanayopandwa na tairi zote mbili kwa pamoja. Na mwulize muuzaji kama shokomzoba zake zimepangwa kwa springi unazonunua au kwa zile za 10: kutoka 6 hadi 10, nguvu ya kutuliza inayohitajika inapanda kwa karibu asilimia 29, na shokomzoba iliyopangiwa springi ngumu ikifungwa na laini itachelewa kurudi, mpaka matuta mfululizo yalishushe gari kidogo kidogo.

MpwaniWaMidlands alijibu:

Ndugu zangu, nimefunga ile mikanda jana jioni na leo nimekwenda nayo kazini tu, maili 11, bila mbio yoyote. Ya mbele yote miwili imesimama sentimita moja chini ya mpira. Ya nyuma imejikunja kabisa ndani ya mpira, na mpira wa kushoto una mpasuko unaoingia ukucha. Nimemwandikia muuzaji kwamba nachukua 6 na 5, na nimemtaka anithibitishie kwa maandishi mpangilio wa shokomzoba. Gari nitaliinua milimita 20 kutoka lilipo sasa, kisha nitarudia kipimo cha mikanda kabla ya kuingia Snetterton.