Soksi, mashine ya redio au simu: rubani wa uwanja mdogo apate upepo vipi?

MwanaKonde: Asalaam alaykum wadau. Nauliza kuhusu viwanja vidogo vya huku visiwani na pwani, vile ambavyo mnara wa kuongozea ndege hakuna au jioni ukifungwa ndo basi tena. Naona njia tatu, soksi ya upepo (ule mfuko wa kitambaa juu ya nguzo), mashine inayojipimia yenyewe ikasema kwenye redio, au inayotuma data kwenye simu. Pesa ndogo, tuanze na ipi?

BintiWete: Soksi kwanza, hilo halina mjadala. Haitaki umeme wala bando, na ile ya vipimo vya Marekani ikinyooka kabisa ujue upepo umefika noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa. Ila lazma uifikie ndo uione, na jua na chumvi ya kwetu vinakula kitambaa mno, kingine kiwepo stoo.

Fundi_Redio: Mie naunga mkono redio. Simu nzuri kabla hujaruka, ukishakuwa juu mtandao wa kubahatisha na mikono ina kazi. Ile mashine unabonyeza maiki mara kadhaa kwenye masafa yake inakujibu kwa sauti, upepo unatokea wapi, noti ngapi, na unaruka mpaka ngapi ukivuma ghafla. METAR, ile ripoti ya hali ya hewa ya viwanja vya ndege, upepo wake ni wastani wa dakika 10 na kwa kawaida inatoka kila saa au nusu saa, sasa mvua ya masika inatoka baharini inapiga inaondoka ripoti mpya bado, wewe unatua na habari ya zamani.

Kaskazi_Tupu: Sawa fundi lakini noti peke yake haitoshi, tazama na pembe. Noti 20 ikija nyuzi 30 na ranwei (njia ya kurukia), ya ubavuni ni 10 tu, ikija nyuzi 60 inafika 17 hivi, na kile kindege cha Cessna 172, ya ubavuni iliyojaribiwa kiwandani ni 15.

MwanaKonde: Na kipimo cha upepo, cha vikombe vinavyozunguka au kile kisichozunguka?

Fundi_Redio: Kisichozunguka, kinachopima kwa mawimbi ya sauti. Vikombe beringi zikishaliwa na chumvi vinakuwa vizito, vinasoma upepo mdogo kuliko uliopo, na rubani anaamini! Bora kipimo kisionyeshe kitu kuliko kudanganya. Nguzo iwe mita 10, mbali na minazi na mapaa.

BintiWete: Na kabla hamjanunua chochote kawaoneni watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wao ndo wanajua kukagua vipimo, msije mkafunga mashine halafu haijaguswa na mtu miaka.