Kameramani ameniulia komedi yangu kwa kutafuta "picha kali"!!

Wakuu, nimetoka kuangalia filamu yetu fupi ya vichekesho ikiwa bado haijaeditiwa vizuri na nimechoka kabisa. Picha ni kali sikatai, ila hakuna anayecheka, hata mimi niliyeandika skripti nimekaa nimenuna mwanzo mwisho.

Sikilizeni hii. Jamaa yuko kwenye usaili wa kazi, kiti alichokalia ni vile vya kupanda na kushuka na kimeshachoka, kila akijisifia kinashuka taratiiibu, yeye anajikausha na bosi naye anajikausha. Basi, utani wenyewe ndo huo. Unatakiwa uone meza, uone bosi, uone kidevu cha jamaa kinaikaribia meza, vyote kwa pamoja na kamera imetulia tuli. Kameramani kafanyaje? Kafunga lenzi ya 85mm, ile ya kuvuta karibu, kafungua f/1.4, yaani tundu la lenzi wazi sana hadi nyuma kunakuwa ukungu, kamganda jamaa usoni, halafu kiti kikishuka na yeye anainamisha kamera kumfuata!! Sasa mtu ataonekanaje anashuka wakati muda wote yuko katikati ya fremu? Meza haipo, bosi ni ukungu mtupu. Namuuliza, ananijibu eti alitaka nyuma kulainike. Kulainike ili iweje??

Na nilishamwambia mapema, weka 28mm, lenzi inayoona eneo pana, rudi nyuma, wachukue wote wawili kwenye shoti moja, ukimaliza nipe klozapu, yaani uso kwa karibu, ya bosi akimeza mate. Hiyo ya bosi hakuchukua kabisa, wakati kicheko kikubwa kiko kwa yule anayeshuhudia aibu ya mwenzake. Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu za kimya, kwenye filamu yake ya mwaka 1928 aliangukiwa na ukuta mzima wa nyumba akapona kwa sababu alisimama pale lilipoangukia dirisha, na kamera ilikaa mbali unaona kila kitu. Angerekodiwa uso tu nani angejua kuna ukuta?

Halafu kiti kinapokatika kabisa, kakirekodi fremu 120 kwa sekunde bila kuniuliza, yaani slow motion, ukicheza kwa fremu 25 kwa sekunde zile sekunde 2 za kudondoka zinakuwa karibu 10. Kishindo kimekufa, watu wanapiga miayo.

Taa nazo usiseme, nusu ya uso giza. Najua mtasema komedi si lazima ing'ae kila kona, sawa, kama unaiga filamu za kutisha kwa utani giza lenyewe linaweza kuwa utani, lakini hapa ni ofisini mchana na macho ya mwigizaji hayaonekani, sasa atachekesha na nini, masikio?

Wa kuediti kajitahidi wee kashindwa, maana video ya 4K ina picha kubwa unaweza kuikata ikawa klozapu ila meza ambayo haikurekodiwa huipati popote. Na huyu bwana anadai hela yake iliyobaki, tena kile kipande cha uso kashakirusha kwenye klipu zake za kujitangaza, huko chini wanamwandikia "picha kali mkuu". Nimlipe au nimkatalie?