Mama mkwe ametangulia, Krismasi ya Kidenmark sasa iko mikononi mwangu, naombeni ushauri

MamaWawili_Odense:
Habari za humu wakuu, hasa mlioolewa au kuoa nje. Mimi ni Mchaga wa Machame, naishi Odense, Denmark, na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa mdogo sita. Mama mkwe alifariki mwezi wa nne. Krismasi yote ilikuwa kwake, sisi tulikuwa tunaenda tu na zawadi, na huku sikukuu yenyewe ni jioni ya tarehe 24 sio 25 kama nyumbani. Mchana kanisani, jioni chakula, halafu taa zinazimwa, mti unawashwa mishumaa ya moto kabisa, mnashikana mikono wakubwa kwa watoto mnauzunguka mnaimba, ndo zawadi zinafunguliwa.

Mwaka huu wifi yangu kasema kwake hapatoshi kwa hiyo wote wanakuja kwangu, na yeye anaona tununue chakula tayari dukani tule tulale, mambo ya zamani tuyaache. Baba watoto ukimuuliza anasema fanya utakavyo. Lakini juzi kalitoa boksi la mapambo la mama yake stoo akakaa nalo chini sebuleni, vibanio vya mishumaa bado vina nta imegandia, kuna kamba ya vibendera vya Denmark vya karatasi, na moyo mmoja wa kusukwa wa karatasi nyekundu na nyeupe aliutengeneza yeye akiwa chekechea, mama yake kaandika nyuma 1985. Anakitoa kimoja, anakifuta, anakirudisha. Mtu wa hivyo hataki chakula cha dukani, mimi ndo ninavyomsoma.

Kingine, mama yangu mzazi anakuja, visa imeshatoka, ni Krismasi yake ya kwanza nje ya Kilimanjaro. Mama ni KKKT damu, kwaya ya akina mama, na bila pilau na mbuzi kwake hiyo sio Krismasi. Nina wasiwasi pia na nisse, kile kijimtu cha kofia nyekundu ambacho watoto wanakiwekea bakuli la uji wa wali darini. Mama akiona uji unapelekwa darini usiku sijui nitamwambiaje.

Nibebe yote au nichague? Na mapishi nani anayajua, maana mama mkwe alikuwa hataki mtu jikoni kwake.

Mjomba_Aarhus:
Pole sana dada kwa msiba. Usibebe yote, utachoka na utachukia. Mumeo usimuulize anataka nini, muulize kitu gani kikikosekana ataona sio Krismasi, watoto waulize hivyo hivyo. Kwangu yalitoka mawili tu, kuzunguka mti na risalamande.

Hiyo risalamande ni hivi. Tarehe 23 usiku pika uji wa wali kwa maziwa, mwingi, tumia mchele mfupi wa uji unaouzwa huko sio basmati wala wa Mbeya, moto mdogo na ukoroge maana unashika chini. Usiku huo kuleni nusu ukiwa wa moto, na mdalasini, sukari na kipande cha siagi katikati, unaobaki uende friji. Kesho yake changanya na krimu iliyopigwa, vanila, sukari, lozi zilizokatwakatwa na lozi MOJA nzima. Uji uwe umepoa kabisa la sivyo krimu inayeyuka unabaki na supu. Juu mchuzi wa cheri wa moto, huo nunua wa boksi, hata wenyeji wananunua. Anayeipata lozi nzima anaificha shavuni, kimya, wengine waendelee kula mpaka bakuli liishe wakiitafuta, ndo anaitoa anapewa zawadi yake, mara nyingi nguruwe wa marzipani, yaani peremende ya lozi za kusagwa na sukari.

Bint_Marangu:
Kwa mama usiogope, kanisa la Denmark ni la Kilutheri kama KKKT. Mishumaa minne ya Majilio anaijua, na nyimbo baadhi sauti ni zile zile ataimba kwa Kiswahili chake. Ila wahini, siku ya 24 kanisa linajaa hata wale wasioonekana mwaka mzima wanakuja. Pilau isiguse meza ya 24 jamani, iacheni ya marehemu. Tarehe 25 na 26 huko zote ni sikukuu, siku ya 25 mkabidhi mama jiko, apike pilau na mtori, wifi yako aje kula.

Mlokole_Kibaha:
Dada mimi hiyo ya kuweka chakula usiku kwa kijimtu naona itoe kabisa. Wazee wetu walikuwa wanawamwagia mizimu pombe na maziwa, tumetoka huko, kwa nini turudi kwa mlango mwingine?

Mjomba_Aarhus:
Mkuu naheshimu imani yako ila nisse hakuna anayemwabudu. Zamani wakulima walisema anakaa ghalani analinda mifugo na asipopewa uji wake anafanya ukorofi. Leo ni mchezo wa watoto, anayeamka usiku kuumaliza ule uji ni mzazi.

Mlokole_Kibaha:
Sawa nimekuelewa. Lakini bibi aambiwe kabla hajaona, asishtuliwe na kitu ndani ya nyumba ya mwanae.

Shangazi_Tanga:
Mimi ni Mwislamu ila huo moyo wa 1985 umenigusa. Mpeni bibi kazi ya kuisuka na wajukuu, ni kama ukili, tofauti ni kwamba kila ukanda unapita ndani ya mwenzake, ukimaliza unafunguka kikapu watoto wanatia peremende. Hapo lugha haina kazi, mikono inatosha.

Mjomba_Aarhus:
Na huyu dada yupo Odense kwenyewe! Moyo wa zamani kuliko yote inayojulikana aliutengeneza H.C. Andersen, yule mwandishi wa hadithi za watoto, mwaka 1860, na mtu huyo kazaliwa mji huo huo. Waambieni watoto.

MamaWawili_Odense:
Asanteni sana jamani. Nimemuuliza baba watoto lile swali, akafikiri kidogo akasema viazi, vile vya kahawia vya sukari, na kukimbia nyumba nzima mmeshikana mikono baada ya mti. Basi hivyo viwili vipo. Mkubwa kasema lozi. Wifi nimemwomba alete kabichi nyekundu ya mama yake, kakubali na sauti imebadilika. Mama nimempigia kuhusu nisse, kauliza tu huo uji una siagi? Haya viazi vinapikwaje, na nyama niweke bata au kitimoto?

Mjomba_Aarhus:
Viazi viwe vidogo, chemsha na umenye tarehe 23, vilale friji. Siku yenyewe yeyusha sukari kwenye kikaango bila kukoroga mpaka iwe rangi ya asali, tia siagi, suuza viazi kwa maji ya baridi ndo uvitie, uvigeuzegeuze taratibu mpaka ving'ae. Mti uwe mbichi, ndoo ya maji pembeni, na mishumaa iwake pale mnapozunguka tu.

Bint_Marangu:
Kitimoto! Ngozi uikate mistari mpaka kwenye mafuta, chumvi uisugue ndani ya mistari mpaka chini, uchomeke na majani ya bay (bay leaves), oveni iwe kali mwishoni ngozi ipasuke. Mama wa Machame hapo hatauliza mbuzi yuko wapi.